Chumba cha chini ya nyumba: maji na hewa kwanza, kochi baadaye

Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa ujenzi wa kaunti katika baraza la wananchi, Kosele. Tunayachapisha kwa ombi la wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo zamani lisingeitisha baraza hapa. Nyumba ilikaa juu ya ardhi tambarare, na chini yake hakukuwa na kitu ila mchwa. Siku hizi mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena. Kijana anapata kipande kwenye mteremko. Fundi anakata kilima upande wa juu, anainua msingi mrefu upande wa chini, na inapofika wakati wa kujaza mawe na murram ndani ya ule msingi, mwenye nyumba anapiga hesabu ya lori na kusema: acha wazi. Ndipo tunapopata chumba cha chini. Watu wa mjini wanakiita besimenti. Chetu ni nusu besimenti, maana upande wa nyuma umezikwa kwenye udongo na upande wa mbele una mlango unaotazama bonde.

Kwa miaka kadhaa chumba hicho huwa cha jembe lililovunjika, mabati ya zamani na kuku anayeatamia. Halafu kunatokea matanga na wageni hawana pa kulala. Au watoto wanarudi kutoka Nairobi mwezi wa Desemba na wake zao na wajukuu. Au mwalimu mgeni anatafuta chumba cha kupanga. Mwenye nyumba anashuka, anasimama katikati ya ule mrundo na kusema, kumbe hapa pana nyumba nyingine.

Na anasema kweli. Ukuta upo, slabu ya juu ipo, ardhi ni yako. Kutengeneza chumba ambacho tayari kina kuta na dari ni nafuu kuliko kuanza msingi mpya, na shamba la viazi halipungui hata hatua moja. Sikuja kuwakatisha tamaa. Nimekuja kuzungumza juu ya utaratibu wa kutumia pesa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoumia.

Msimu wa mvua uliopita niliitwa kuona chumba kama hicho, si mbali na hapa. Mama mwenye nyumba alikuwa ameweka vigae vya kupendeza, dari ya mbao, taa za rangi, na kochi la pembe. Mvua ya Aprili ilipoingia, vigae vya ukuta wa nyuma vilianza kuvimba na kudondoka kimoja kimoja. Nyuma ya kochi palikuwa na ukungu mweusi. Mtoto aliyekuwa akilala pale alikuwa anakohoa usiku kucha. Fundi aliitwa, akapiga plasta nyingine. Plasta nayo ikadondoka. Pesa za kochi na vigae zingetosha kabisa kuondoa maji kama zingeanzia nyuma ya nyumba, nje, ambako hakuna mgeni anayepatazama.

Kwa hiyo tuanzie huko nje. Chukueni nyumba yenye paa la mita 10 kwa mita 8. Hiyo ni mita 80 za mraba. Mvua nzito ya jioni moja ikileta milimita 50, paa hilo peke yake linamwaga lita 4,000. Gawanyeni kwa mtungi wa lita 20: ni mitungi 200. Sasa jiulizeni, kama hakuna gata, mitungi hiyo 200 inamwagwa wapi? Nusu yake inamwagwa upande wa nyuma, kati ya nyumba na kilima kilichokatwa, juu kabisa ya ukuta wa chumba chako cha chini. Hapo hatujahesabu maji yanayoteremka kilimani yenyewe. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Maji hayo yakinaswa nyuma ya ukuta, hayaleti unyevu tu, yanausukuma ukuta.

Kazi ya kwanza, kabla hujanunua hata kopo la rangi, ni gata na tangi. Maji ya paa yaende kwenye tangi, na tangi likijaa, yaliyozidi yapelekwe kwa bomba hadi upande wa chini wa nyumba. Kazi ya pili ni mtaro wa juu, wa kukinga maji ya kilima yapite pembeni kabla hayajafika ukutani. Kazi ya tatu ndiyo ngumu, nayo ni mfereji wa mawe nyuma ya ukuta. Unachimba kufuata ukuta kwa nje, kwa vipande vifupi, unasafisha ukuta na kuupaka plasta yenye dawa ya kuzuia maji, halafu lami. Chini unalaza bomba lenye matundu, lenye mteremko wa kutoka upande mmoja. Juu yake unajaza kokoto safi, unafunika na kitambaa kigumu au gunia la plastiki linalopitisha maji ili udongo usizibe mawe, ndipo unarudisha udongo.

Wengi wenu mmefika Thimlich Ohinga kule Nyatike, kaunti jirani ya Migori. Wataalamu wanakadiria ilijengwa karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake zina urefu wa kuanzia mita 1.5 hadi 4.5, na zimepangwa kwa mawe matupu, bila saruji na bila udongo wa kushikanisha. Najua Ohinga ilijengwa kuzunguka boma, haikujengwa kuzuia kilima. Lakini mpeleke fundi wako akaangalie mvua ikinyesha. Maji yanaingia kati ya mawe na kutoka, hayana mahali pa kukusanyika. Ukuta wetu wa matofali ya kuchoma na saruji hauna njia hiyo, kwa hiyo lazima tuutengenezee. Ndiyo maana kwenye ukuta wowote wa kuzuia udongo tunaacha matundu ya kutolea maji. Nikikuta fundi ameyaziba kwa sababu yanachafua rangi, huwa sina maneno mazuri ya kumwambia.

Utajuaje kama chumba chako ni kikavu? Chukua kipande cha nailoni kinachoona, kama mita moja kwa mita moja, kibandike ukutani au sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne. Kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ardhini na kazi ya nje haijaisha. Ukikuta matone upande wa nje wa nailoni, ni mvuke wa chumbani unaopoa ukutani, na dawa yake ni hewa. Jaribio hili lifanywe wakati wa chwiri, mvua inaponyesha. Januari kila chumba ni kikavu.

Jambo jingine la nje ni choo. Kama choo cha shimo au tangi la maji machafu liko upande wa juu wa nyumba, unajua kinachopita kwenye ukuta huo. Harufu haitaondolewa na marashi. Choo kihame kiende upande wa chini, mbali na kisima chako na cha jirani. Na yeyote anayetaka bafu ndani ya chumba cha chini apime kwanza maji yataelekea wapi. Maji machafu hayapandi kilima.

Sasa hewa. Hapa naomba mnisikilize zaidi kuliko kwenye mambo ya vigae.

Chumba cha chini kina ukuta mmoja au miwili isiyoweza kuwa na dirisha, kwa sababu iko ardhini. Usiku huwa na ubaridi. Mtu anaingiza jiko la makaa, anafunga mlango, anafunga dirisha, analala. Makaa yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi. Haina harufu. Moshi ukiisha mtu anadhani hatari imeisha, kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoitoa. Anayeivuta anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, anashikwa na usingizi, na haamki. Si uchawi, wala si jirani. Ni jiko.

Nasema wazi: hakuna jiko la makaa katika chumba cha kulala cha chini. Si la kupikia, si la kuota moto, si la kukausha plasta mpya watoto wakiwa wamelala humo. Jenereta pia isiwashwe humo, wala pikipiki isiachwe ikinguruma mlangoni. Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa safi, kisha mkimbize hospitali. Kutoka hapa, hospitali ya Rachuonyo pale Oyugis si mbali. Usipoteze muda kumpa maziwa.

Hewa inahitaji mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Dirisha la mbele peke yake halitoshi, kwa sababu ukuta wa nyuma ni mfu. Weka matundu ya hewa juu kabisa, karibu na slabu, kwenye kuta za pembeni zilizo juu ya ardhi, au pitisha bomba pana kutoka nyuma ya chumba hadi juu ya paa. Hewa ya joto hupanda, inatoka humo, na hewa mpya inaingia mbele. Kwa ukubwa wa dirisha, kipimo cha mkono ni moja ya kumi ya sakafu, isiwe chini ya hapo. Chumba cha mita 4 kwa mita 3 kina mita 12 za mraba, basi dirisha liwe kama mita 1.2 kwa mita 1, na nusu yake angalau ifunguke. Weka wavu wa mbu. Mbu wa malaria hupenda kupumzika mahali penye giza na unyevu, nasi tuko katika ukanda wa ziwa, hatuhitaji kuambiwa malaria ni nini. Chandarua kitundikwe hata kama dirisha lina wavu.

Na dirisha lenye vyuma vya kuzuia wezi liwe na upande mmoja unaofunguka kutoka ndani. Moto ukianzia mlangoni, mtu atatokea wapi?

Kuna swali ambalo vijana huniuliza pembeni: dari yangu iko chini, nichimbe sakafu niongeze urefu? Kichwa kikigusa slabu, ni kweli chumba hakikaliki. Mita mbili na nusu ni urefu mzuri. Lakini ukichimba ndani hadi chini ya msingi, unauondolea msingi ardhi iliyoushikilia, na nyumba nzima iko juu yako ukiwa umeinama na jembe. Kazi hiyo haifanywi kwa mazoea. Inahitaji mhandisi aje aone udongo, aone msingi umeishia wapi, na kama inawezekana, ifanywe kwa vipande vya mita moja moja, kila kimoja kikishikiliwa kabla ya kinachofuata kuguswa. Vivyo hivyo kubomoa nguzo au ukuta wa kati ili sebule iwe pana. Ukuta unaoonekana kama kizuizi huenda ndio unaobeba chumba cha mama juu. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa mvua tarehe 29 Aprili 2016 liliua watu karibu 50. Lile lilikuwa la ghorofa nyingi, kando ya mto. Letu ni dogo, lakini udongo ni udongo.

Sheria inasema nini? Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka mtu apate kibali cha kaunti kabla ya kujenga au kubadilisha matumizi ya jengo. Kupaka rangi na kubadilisha kitasa hakuhitaji kibali. Kuchimba, kubomoa ukuta, kutoboa madirisha makubwa, au kugeuza stoo kuwa vyumba vya kupangisha au duka, njoo tuzungumze kwanza. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inakulinda na sisi maafisa: ukileta maombi kamili na ukae siku 60 bila jibu la maandishi, inachukuliwa kuwa kibali kimetolewa. Kwa hiyo hakikisha maombi yako yamepigwa muhuri wa tarehe siku unayoyaleta. Malipo yote yana risiti. Mtu yeyote akikuomba ya mkononi ili faili itembee, hata akiwa amevaa kitambulisho cha kaunti, usimpe.

Kwa umeme, tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA. Kwa uashi, uliza cheti cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Soketi ziwekwe juu kidogo kuliko kawaida, kwa sababu chumba cha chini kikiingia maji, maji huanzia sakafuni.

Sasa tumefika kwenye mapambo, na najua akina mama walikuwa wananisubiri hapa. Ukuta uliokauka upakeni chokaa au rangi ya maji, nyeupe au ya maziwa. Chokaa ya Koru ni rahisi na inaruhusu ukuta kupumua. Rangi ya mafuta kwenye ukuta uliozikwa hufungia unyevu ndani, halafu inatoa malengelenge. Weupe unarudisha mwanga mdogo ulioingia dirishani hadi kona ya nyuma. Kioo kikubwa ukikitundika mkabala na dirisha, chumba kinaonekana mara mbili. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa oksaidi nyekundu ni nzuri, haina viungo vya kudondoka, na ukiweka juu yake mikeka ya mafunjo kutoka ziwani, mgeni hataulizia vigae. Chini ya sakafu hiyo lazima kuwe na karatasi nene ya nailoni, vinginevyo mkeka utaoza kwa chini. Acheni nafasi ya mkono mmoja kati ya samani na ukuta wa nyuma, hewa ipite.

Kwa chumba chenye kazi nyingi, siri ni vitu vinavyohama. Benchi refu lenye sanduku ndani linakaliwa mchana, linalaliwa usiku, na mablanketi ya wageni wa matanga yanakaa tumboni mwake. Meza inayokunjwa ukutani ni ya watoto kusomea jioni. Pazia zito kwenye waya linagawa chumba bila fundi.

Mzee mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: je, kijana wangu aliyeoa anaweza kulala humo, chini ya paa langu? Jaduong', hilo si la afisa wa ujenzi. Najua simba inajengwa wapi na kwa nini, na najua mkwe halali mahali popote tu. Ninachoweza kusema ni kwamba chumba cha chini kikiwa na mlango wake wa nje, bila ngazi ya ndani, familia inakuwa na nafasi ya kuamua. Wengine wamekifanya cha wapangaji na wasichana wanaosoma, simba ikabaki pale pale karibu na lango. Kaeni chini mwamue kabla ya kutoboa ngazi.

Mwisho, viazi. Kabondo yetu inajulikana nchini kwa viazi vitamu, na pembe moja ya chumba hiki, ile yenye ubaridi na giza, inafaa kuhifadhia mbegu wakati wa kiangazi. Chagua viazi vidogo visivyo na fukusi wala majeraha, vipange kwenye beseni lenye mchanga mkavu, kisigusane kimoja na kingine, funika kwa mchanga, weka mbali na panya. Kagua kila mwezi, ondoa kilichooza. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua vipande kitaluni na umwagilie maji, utapata miche yako bila kununua. Lakini mahindi msiyashushe huko kama jaribio la nailoni halijapita. Mahindi yenye unyevu huota kuvu wa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Wanaotaka kuomba kibali walete nakala ya hati ya shamba, kitambulisho, mchoro wa nyumba jinsi ilivyo sasa na mchoro wa mnachotaka. Kama huna mchoro, njoo na vipimo na picha kwenye simu, tutaanzia hapo. Mafundi, msiondoke. Nimekuja na kipande cha bomba lenye matundu na gunia la kokoto, tutashuka pale nyuma ya jengo tuonyeshane jinsi linavyolazwa kabla jua halijatua.